Skwati nzito, skwati nyepesi ya spidi, au ile ya kati: uende na ipi ukitaka nguvu?

Kila mtu wa skwati, lile zoezi la kuchuchumaa na chuma mgongoni kisha kuinuka, kuna siku chuma kinamgomea. Mwanzoni ulikuwa unaongeza kilo mbili na nusu kila wiki na unainuka tu, alafu ghafla uzito uleule unakushinda wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, magoti yanaanza kulalamika, na ukiuliza watu unapewa majibu yanayogongana. Mmoja anakwambia pandisha uzito, miguu haipati nguvu kwa kubembelezwa. Mwingine anakwambia shusha mpaka nusu hivi alafu piga kwa spidi. Wa tatu anakwambia kaa katikati na uache seti, yani ule mfululizo wa kunyanyua bila kupumzika, kabla hujachoka. Shida ni kwamba wote watatu wana hoja, na kwa kila mmoja unaweza kuonyeshwa watu wenye nguvu kweli waliopita njia yake, sa mtu unabaki umesimama mbele ya stendi ya chuma hujui uweke pleti ngapi.

Naziweka zote tatu hapa, kila moja kwa vipimo vilevile, uone ipi inakaa na hali yako. Tutumie mtu mmoja wa mfano tusipotee: uzito wake wa mwisho, yani ule anaoweza kushuka nao na kuinuka mara moja tu kwa ufundi safi, ni kilo 140. Wewe weka wako, asilimia zote hapa chini ni za uzito huo wa mwisho na hazibadiliki.

Tunapima kwa vigezo gani

Cha kwanza ni njia inajenga nini hasa. Nguvu ya skwati inatoka sehemu tatu: misuli yenyewe kuwa mikubwa, mfumo wa fahamu kuweza kuiamsha misuli hiyo yote kwa pamoja, na kuiamsha haraka. Mtu anaweza kuwa na mapaja makubwa na bado akakwama kwa sababu anachelewa kuyaamsha, na mwingine yuko chapchap ila misuli ya kuamsha ni michache. Hawa wawili hawawezi kupewa dawa moja.

Cha pili ni uchovu, unahitaji siku ngapi kupona. Cha tatu ni ufundi na usalama. Cha nne ni vifaa, na hapohapo utajuaje kama kitu kinafanya kazi. Alafu mwisho inamfaa nani na haimfai nani.

Kabla hatujaanza kuna jambo moja linagusa njia zote tatu na mi naona ndo moyo wa habari nzima, nalo ni nia ya kusukuma. Mwaka 1993 watafiti Behm na Sale walichukua watu wakawafanyisha zoezi la kifundo cha mguu, mguu mmoja ukiwa umebanwa usisogee kabisa na mwingine ukiruhusiwa kusogea kwa kasi, ila kwa miguu yote miwili waliambiwa wakaze kwa haraka kadiri wanavyoweza. Miguu yote miwili ikapata maendeleo yanayofanana, hata kwenye mwendo wa kasi, ingawa mmoja haukuwahi kusogea. Yani kule kutaka kusukuma kwa haraka ndo kulibeba sehemu kubwa ya kazi. Mwaka 2014 González-Badillo na wenzake wakaja na jaribio jingine, safari hii la kusukuma chuma ukiwa umelala kwenye benchi: kundi moja lilisukuma kwa kasi yote, lingine kwa nusu ya kasi makusudi, uzito sawa kwa asilimia, rep (yani idadi ya mara za kunyanyua) sawa. Waliosukuma kwa kasi yote waliongeza nguvu karibu mara mbili ya wenzao. Ni benchi sio skwati, lakini funzo lake linahamia kwenye miguu vizuri tu.

Kwa hiyo njia yoyote utakayochagua hapa chini, kupanda pandisha kwa nguvu zako zote. Kushuka ni habari nyingine, shuka kwa utulivu. Ukipandisha kivivu, iwe kilo 70 iwe kilo 120, unatupa nusu ya faida.

Njia ya kwanza: nzito, rep chache

Hapa tunazungumzia asilimia 85 mpaka 93 hivi, rep moja mpaka nne kwa seti, mapumziko dakika tatu mpaka tano. Kwa mtu wetu wa kilo 140 ni kama kilo 119 mpaka 130.

Inajenga nini. Inajenga kile kile unachokitaka siku ya kujipima, kwa sababu mwili unazoea kitu unachoufanyisha. Misuli inaamshwa kwa mpangilio, nyuzi ndogo na zenye subira zinaanza, zile kubwa zenye nguvu zinaitwa kazi inapokuwa ngumu. Mzigo mzito hauziachi zile kubwa zilale, rep ya kwanza tu zinakuwa zimeshaitwa. Pamoja na hilo kuna ujuzi ambao huupati kokote kwingine: kukaza tumbo na mgongo chini ya mzigo unaokubana kweli, kutotishika pale chuma kinaposimama nusu njia, kuendelea kusukuma sekunde mbili tatu mbele wakati kichwa kinakwambia haiwezekani. Kwa ukubwa wa misuli inasaidia kiasi, ila rep ni chache mno kuitegemea peke yake.

Uchovu. Mkubwa, na ndo bei yake. Kocha wa Kisovieti A. S. Prilepin alipanga jedwali kutokana na mazoezi ya wanyanyuaji wa Olimpiki, na kule juu ya asilimia 90 jumla ya rep za kikao kizima haizidi 10, moja au mbili kwa seti. Jedwali lile lilitengenezewa minyanyuo ya Olimpiki, skwati inavumilia zaidi kidogo, ila picha ni ileile: kadiri uzito unavyopanda, kiasi unachoweza kukibeba bila kuharibikiwa kinapungua haraka. Wengi wanaoweza kupiga nzito kweli mara moja kwa wiki wanaharibu wakijaribu mara tatu.

Ufundi na usalama. Uzito mkubwa unaonyesha ukweli wote, kama makalio yanatangulia kupanda na kifua kinalala, hapa utaona. Ubaya wake ni kwamba haukupi nafasi ya kurekebisha, unakuwa unajiokoa tu. Lazima stendi yenye vyuma vya kukinga pembeni au watu wanaojua kushika.

Vifaa na kupima. Unahitaji pleti za kutosha na stendi imara, basi. Kupima ni rahisi kuliko njia zote, namba inapanda au haipandi.

Inamfaa mtu mwenye ufundi uliotulia, anayekaribia mashindano ya powerlifting (ya kunyanyua uzito mkubwa, skwati ikiwemo), au aliyejenga miguu mikubwa kwa rep nyingi miaka na miaka ila hajawahi kukaa chini ya mzigo mzito. Haimfai sana mtu ambaye kila seti nzito inaisha na mgongo umejikunja, wala mtu asiyelala vizuri na mwenye kazi ya kusimama siku nzima, huyo anajilimbikizia deni la uchovu tu.

Njia ya pili: nyepesi, kwa spidi

Hii ndo inayoeleweka vibaya kuliko zote kwa hiyo nitakaa hapa muda zaidi.

Asilimia 50 mpaka 65, rep mbili au tatu tu kwa seti, seti nane mpaka kumi, mapumziko mafupi, kama sekunde 45 mpaka 90. Mtu wetu anaweka kilo 70 mpaka 91. Ukiisoma hivi unaona kama siku ya mapumziko, na hapo ndo wengi wanapopotelea, wanaibeba kama kupasha tu wakaenda nyumbani.

Iko hivi. Nguvu unayoiweka kwenye chuma ni uzito wake ukijumlisha na kile kinachokiongezea kasi. Kilo 84 ukizishikilia zimetulia ni kilo 84. Ukizikimbiza juu kwa mchapuko wa mita 5 kwa sekunde kwa sekunde, katika huo muda mfupi miguu inakuwa inasukuma kama vile kwenye mabega kuna kilo 127 hivi, na hapo sijauhesabu mwili wako ambao nao unasukumwa juu. Ndo maana ya kusema uzito mwepesi unaweza kuwa kazi nzito. Ila ukizipandisha polepole, hizo kilo 84 zinabaki kuwa 84 na umefanya mazoezi ya kilo 84.

Aliyeitangaza hii kuliko wote ni Louie Simmons wa Westside Barbell, jimu ya kule Columbus, Ohio, Marekani, aliyefariki 2022. Kwake siku ya spidi ilikuwa seti nyingi za rep mbili, mara nyingi wakikaa kwenye boksi na kuinuka, na kwenye chuma wanafunga mipira ya kuvuta au minyororo. Jambo linalosahaulika kila mara ni kwamba wiki hiyohiyo walikuwa na siku nyingine ya uzito mkubwa kabisa, na juu yake mazoezi ya ziada ya mgongo, mapaja ya nyuma na makalio. Yani spidi ilikuwa mguu mmoja wa kiti, mtu akiichomoa peke yake akaanza kuifuata alafu akasema haifanyi kazi, hajaitendea haki. Kuna pia Fred Hatfield, ambaye mwaka 1987, akiwa na miaka 45, alipiga skwati ya pauni 1,014, ambazo ni kama kilo 460. Yeye alihubiri kuongeza kasi njia nzima ya kupanda: pale skwati inapoanza kuwa rahisi kuelekea juu, usilegeze, sukuma zaidi. Wazo lake halikuwa kwamba uzito uwe mdogo daima, ni kwamba juhudi isipungue.

Inajenga nini. Uharaka wa kuamsha misuli, zaidi ya kitu kingine chochote. Kwenye skwati kuna eneo juu kidogo ya chini kabisa ambapo karibu kila mtu anakwama, na anayefika hapo na mwendo anapita mahali ambapo mwenzie aliyeanza kivivu anasimama. Misuli yenyewe haikui sana hapa, rep mbili mbili ambazo ziko mbali na kuchoka hazitoshi kuiambia misuli iongezeke. Kama paja lako ni dogo, spidi haitalifanya kubwa, na nasema hivyo kwa sababu watu wanakaa miezi kwenye njia hii wakisubiri kitu ambacho haikuja kukileta.

Kuna kasoro nyingine ya kimaumbile ambayo inabidi uijue. Uzito mwepesi unaoupandisha kwa kasi, ukikaribia juu lazima uupunguzie mwendo, la sivyo utaruka nao au utakupiga mabega. Kwa hiyo sehemu ya mwisho ya rep mwili unakuwa unafunga breki badala ya kusukuma. Mipira na minyororo ilikuja kutatua hilo, kadiri unavyopanda mzigo unaongezeka, huna haja ya kufunga breki mapema. Kama huna, njia nyingine ni kuruka kweli, skwati ya kuruka na mzigo mdogo sana, kuanzia mwili mtupu mpaka asilimia 20 au 30, maana ukiruka hakuna breki. Ila kuruka na chuma mgongoni kunataka magoti mazima na kutua kwa ufundi, sio kwa kila mtu.

Uchovu. Mdogo. Siku ya pili unatembea kawaida na unaweza kurudi jimu bila kuburuza miguu, na hapo ndo thamani yake kubwa ilipo kwa mtu aliyechoshwa na uzito. Unapata kuigusa skwati tena wiki hiyohiyo, rep ishirini safi, bila kujimaliza. Ila usiwe mjinga wa kuongeza seti kwa sababu hujachoka, kwenye jedwali la Prilepin asilimia 55 mpaka 65 zimewekewa jumla ya rep 24 hivi kwa kikao, na baada ya hapo spidi inaanza kushuka, na spidi ikishuka kilichobaki ni kunyanyua uzito mdogo polepole.

Ufundi na usalama. Kwa upande mmoja unapata mianzo mingi, seti kumi maana yake umeingia chini ya chuma mara kumi, umekaza tumbo mara kumi, umepanga miguu mara kumi, na kwa mtu ambaye ufundi wake unatetereka rep ya kwanza kila siku hiyo ni shule nzuri kweli. Kwa upande mwingine, kasi inaleta makosa yake. Watu wanajiachia kushuka kama jiwe ili waruke juu kutoka chini, na kule chini magoti na kiuno vinapokea kishindo ambacho hakihitajiki. Wengine chuma kinarukaruka mgongoni juu kule kwa sababu hawajakivuta kikae imara. Shuka kwa utulivu, jikaze, badilisha mwelekeo, alafu ndo upasuke juu. Visigino visinyanyuke.

Vifaa na kupima. Hapa ndo kuna ugumu kidogo, kwa sababu huna namba ya uzito ya kujivunia, kinachopanda ni mwendo na jicho linadanganya. Kuna vifaa vidogo vinavyofungwa kwenye chuma vinasoma mita kwa sekunde, na ukiwa nacho unafanya kazi kwa ukweli: uzito wa mwisho wa skwati kwa watu wengi unapanda kwa karibu mita 0.3 kwa sekunde, na huku kwenye asilimia 60 unataka kuona kitu kama 0.75 au zaidi. Huna kifaa, weka simu pembeni urekodi kila seti kwa pembe ileile. Kama rep inaonekana ya kujivuta, uzito ni mkubwa, punguza bila aibu. Kosa kubwa la njia hii ni kiburi, mtu anaanza na asilimia 55, wiki ya tatu yuko 75 kwa sababu anaona aibu, na tayari ameshatoka kwenye njia bila kujua.

Inamfaa aliyejenga msingi wa nguvu tayari, anayeinuka polepole kutoka chini hata kwa uzito wa kati, au mwanamichezo anayeruka na kukimbia ambaye skwati kwake ni msaidizi wa mchezo. Inamfaa pia mtu mzima ambaye magoti yanakubali skwati moja nzito kwa wiki na kugoma ya pili. Haimfai anayeanza, huyo hana bado nguvu ya kuiharakisha. Na haimfai kama njia pekee mtu anayetaka namba ya juu ipande mwaka mzima.

Njia ya tatu: ya kati, sukuma kwa kasi na acha mapema

Asilimia 70 mpaka 80, rep tatu mpaka tano, seti tano au sita, mapumziko dakika mbili mpaka tatu. Kilo 98 mpaka 112 kwa mtu wetu. Unasukuma kila rep kwa nguvu zote kama njia ya pili, ila mzigo umetosha kiasi kwamba chuma hakiruki, kinapanda kwa heshima. Sharti lake kuu: rep ikianza kupunguza mwendo waziwazi, seti imeisha, hata kama ulipanga tano na uko ya tatu.

Inajenga nini. Vyote vitatu kwa kiasi. Mwaka 2017 Pareja-Blanco na wenzake walichapisha jaribio la wiki nane hasa kwenye skwati. Kundi moja liliacha seti kasi ikishuka kwa asilimia 20, lingine liliendelea mpaka imeshuka kwa asilimia 40, ambayo mara nyingi ni karibu na kushindwa. Kundi la kwanza lilifanya kama asilimia 60 tu ya rep za wenzao. Nguvu ya skwati ikaongezeka kwa makundi yote bila tofauti kubwa, kuruka juu kukawa bora kwa walioacha mapema, na ukubwa wa misuli ukawa bora kwa waliojikaza mpaka mwisho. Jaribio hili linastahili kukaa kichwani kwa yeyote anayeamini kwamba seti isiyomuacha amelala chini haikufanya kazi, kwa sababu rep nyingi zile za mwisho zilinunua misuli na uchovu ila hazikununua nguvu ya ziada.

Uchovu. Wa wastani, mara mbili kwa wiki inabebeka kwa wengi, wengine hata tatu wakipangilia vizuri.

Ufundi na usalama. Labda hapa ndo mahali salama kuliko pote, uzito unatosha kukuambia ukweli na haujawa wa kukuvunja ufundi. Vyuma vya kukinga weka hata hivyo.

Vifaa na kupima. Chuma, stendi, simu. Unajipima kwa kuangalia kama kilo 105 zilezile zinapanda haraka kuliko mwezi uliopita, au kama seti inakwenda rep moja mbele kabla haijapungua mwendo.

Inamfaa mtu wa kawaida asiye na mashindano, mwenye siku mbili tatu za mazoezi, anayetaka nguvu ipande taratibu bila kuumia. Udhaifu wake ni kwamba haikuzoeshi mzigo mzito kabisa, unaweza ukawa na nguvu za kilo 150 miguuni na kichwa kikakataa kwa sababu hujawahi kuzihisi mgongoni. Na inadai uaminifu, mtu anayejidanganya kuhusu kasi yake ataigeuza kuwa mazoezi ya kujichosha tu, na hapo faida yake yote imeondoka.

Kwa hali yako

Kama una miezi michache tu tangu uanze skwati, acha mjadala huu wote kwanza. Seti tatu za rep tano, ufundi safi, ongeza uzito kidogo kila inapowezekana, pandisha kwa nguvu zako zote. Ukifanya hivyo bado una mengi ya kuvuna kabla ya kuhitaji asilimia za mtu yeyote.

Kama umekwama na unataka kujua unakosa nini, jirekodi ukiwa na asilimia 75. Ikipanda haraka na kwa urahisi lakini asilimia 92 inakushinda kabisa, unakosa uzoefu wa mzigo, chukua njia ya kwanza kwa wiki sita hivi. Ikipanda polepole kama vile ni ya mwisho, alafu ya mwisho yenyewe nayo unaipandisha kwa mwendo uleule, wewe ni mtu wa kusaga, yani unapandisha kila kitu polepole kwa kujikaza, spidi itakusaidia. Ikiwa unakosa pumzi na mapaja yanatetemeka rep ya tatu, hapo tatizo ni misuli, na kati ya hizi tatu hamna itakayolitatua peke yake, ongeza rep 8 mpaka 12 za skwati, za mguu mmoja, za kunyoosha nyonga.

Kama una siku mbili za miguu kwa wiki na ufundi mzuri, mi ningekushauri usichague moja. Siku ya kwanza nzito, baada ya siku tatu nne siku ya spidi. Hizi mbili zinabebana vizuri sana, ile nyepesi inakuwa mapumziko ya mwili na wakati huohuo inakunoa. Ukiwa na siku moja tu, njia ya tatu ndo inayokupa kingi kwa mara moja, na kila wiki ya nne hivi malizia na rep moja ya asilimia 90 ili mgongo usisahau.

Mwenye mashindano ndani ya wiki nane au kumi, kadiri siku inavyokaribia ndivyo uzito mkubwa unavyopata haki ya kuwa mbele. Spidi ibaki kama siku ya pili nyepesi, usiifute.

Mchezaji wa mpira, wa kikapu, wa voliboli, mkimbiaji wa mbio fupi: ya tatu kipindi ambacho mechi hamna, ya pili msimu ukiwa umechanganya, kwa sababu uwanjani hutakiwi kufika na miguu imekufa. Nzito weka kidogo tu, mara moja moja.

Mtu ambaye pleti zake zote zikiwekwa kwenye chuma hazifiki asilimia 65 ya uwezo wake, huyu namwonea huruma maana ndo anayeuziwa spidi kama suluhisho la kila kitu. Spidi itakusaidia kutunza uharaka, ila kujenga utahitaji kuufanya ule uzito mdogo uwe mgumu: skwati ya mguu mmoja, kusimama sekunde tatu chini kabisa, na seti zinazokaribia kushindwa. Kwa upande wa misuli, tafiti za miaka ya karibuni zimeonyesha hata asilimia 30 mpaka 50 zikipelekwa mpaka karibu na kushindwa zinakuza misuli sawasawa na nzito. Kwa upande wa uzito wa mwisho hazilingani na nzito, kwa hiyo siku utakapopata pleti zaidi, jipe wiki kadhaa za kuzoea.

Na kama goti au kiuno kinauma kwa kuchoma, au maumivu yanabaki baada ya kikao mpaka siku ya pili, usianze na njia yoyote hapa. Nenda kwa daktari au mtaalamu wa viungo kwanza, njia ya spidi hasa isitumike kama kisingizio cha kuendelea kwa sababu eti uzito ni mdogo.

Chochote utakachoshika, kipe wiki sita mpaka nane kabla hujakihukumu, uandike uzito na uhifadhi zile video. Kwenye nzito angalia kilo. Kwenye spidi angalia kama kilo 84 zinapanda haraka zaidi, na kama baada ya hapo kilo 126 nazo zimebadilika, kwa sababu kama zile nyepesi zimekuwa za haraka na nzito hazijasogea hata kidogo, unahitaji kurudisha siku nzito ndani ya wiki.